Batri imerudishwa, gari inakataa kuwaka: tuanzie wapi?



Wiki hii tuongee juu ya jambo linalosumbua vikundi vyenye gari. Umeme umekatika, kwa jirani kuna kilio, watu wanahitaji taa. Batri ya gari inatolewa, inawasha balbu usiku kucha, asubuhi inarudishwa. Shofere anazungusha funguo: kimya. Mzigo wa unga unangoja, au mama mwenye uchungu anangoja kufikishwa maternite. Mpita njia wa kwanza anasema, "Batri imekufa, nunueni mpya." Pesa ya likelemba inatoka kabla mtu hajaangalia kitu.

Gari iliwaka jana, na kitu pekee kilichoguswa ni batri. Basi tutafute kwanza pale mkono ulipopita. Ni kama darasani: tunaanza na rahisi, kiisha tunaenda kwa ngumu.

Kabla ya yote, zima gari na kaza freni ya mkono. Watoto, babula, mshumaa na sigara vikae mbali, kwa sababu batri inatoa gazi inayoweza kulipuka. Vua pete na bangili. Maji ya batri ni asidi: yakiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika 15 au zaidi, halafu nenda hospitali.

1. Angalia alama. Kwenye batri kuna + na −. Waya wa + (mara nyingi mwekundu) uwe kwenye +, na waya wa − kwenye −. Mkikuta zimebadilishana, msijaribu funguo tena. Toeni waya zote mbili, mwite fundi. Inawezekana fyuzi kubwa imeungua, na alternateri pia inaweza kuumia.

2. Shika kosi. Kosi ni vile vichwa vya chuma vinavyobana waya kwenye batri. Jaribu kuzizungusha kwa mkono. Ikizunguka, haijakazwa, na gari haipati nguvu ya kutosha. Kwenye gari nyingi za Toyota, kle namba 10 inatosha. Angalia pia kama kuna waya mdogo uliosahauliwa pembeni.

Kukiwa na unga mweupe au wa kijani, toa kosi uzisafishe. Wakati wa kutoa, anza na −. Wakati wa kurudisha, anza na +, na − iwe ya mwisho. Sababu ni hii: bodi ya gari imeungana na −. Kama − ingali imefungwa na kle ikagusa + na bodi pamoja, cheche kubwa inatoka. Safisha kwa brosi na maji ya vuguvugu yenye bikarbonati kidogo, yasiingie ndani ya batri. Kausha mpaka chuma kionekane, kisha kaza.

3. Sasa zungusha funguo na usikilize. Gari inasema yenyewe inaumwa wapi.

Hakuna taa hata moja kwenye tabulo: rudi kwenye kosi, kisha fyuzi kubwa. Fyuzi iliyoungua inabadilishwa na nyingine yenye ampere zilezile. Kipande cha waya au karatasi ya sigara kinaweza kuchoma gari nzima.

Taa ni hafifu, na unasikia tak-tak-tak ya haraka: kama kosi ziko safi na zimekazwa, batri imechoka. Imefanya kazi usiku kucha! Ipelekwe kuchajiwa kwanza. Batri iliyojaa, ikiwa imepumzika, inaonyesha karibu volti 12,6. Ikionyesha 12 au chini, imeisha chaji. Ikiwa imejaa vizuri lakini inashuka chini ya volti 10 wakati wa kuwasha, hapo ndipo tuanze kuzungumza juu ya batri mpya.

Taa zinawaka vizuri lakini unasikia tak moja tu, au kimya: shida inaweza kuwa demarere, au waya wake. Kama gari ni otomatiki, kanyaga freni, weka mkono wa vitesi kwenye P au N, ujaribu tena.

Moteri inazunguka kwa nguvu lakini haishiki: batri imemaliza kazi yake, msiilaumu. Angalieni kama taa yenye picha ya funguo inawakawaka. Huo ni ulinzi wa wizi. Funga milango, ifungue kwa funguo yake, ngoja dakika chache, au jaribu funguo ya pili. Ikikataa, fundi aangalie mafuta na fyuzi ya pompa.

4. Kuazima nguvu kwa gari nyingine. Batri zote mbili ziwe za volti 12, na gari zisigusane. Waya mwekundu: kwanza + ya batri iliyoisha, halafu + ya batri nzima. Waya mweusi: − ya batri nzima, na mwisho chuma cha moteri ya gari iliyokufa, mbali na batri yake.

Ikiwaka, mnaweza kuona moteri inatetemeka kidogo. Kwenye gari nyingi, kompyuta yake imesahau mambo fulani. Iacheni izunguke dakika chache. Redio pia inaweza kuomba kodi. Lakini asiwepo mtu wa kutoa kosi moteri ikizunguka, eti anapima alternateri. Hapo anaweza kuunguza vifaa vya bei.

Wamama, si lazima tuwe mafundi. Inatosha kujua kuuliza: "Baba fundi, kosi umezikaza? Volti ni ngapi? Nionyeshe namba." Fundi mzuri atafurahi kuonyesha. Anayekasirika kwa swali hilo, mngoje kidogo kabla ya kumhesabia pesa.

Na tuseme ukweli: batri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha moteri. Kila mara tunapoimaliza kwa balbu na televizyo, tunapunguza maisha yake. Gari inayobeba wagonjwa usiku, batri yake ilale ndani ya gari. Kwa kilio, kikundi kinunue taa ya sola au batri nyingine ya kazi hiyo.

Kwa mkutano wenu wa wiki hii:
– Kle namba 10 ya kikundi inakaa wapi, na nani anaijua?
– Nani ana haki ya kuruhusu batri itolewe?
– Wamama watatu wafungue kapo mbele ya wengine na waonyeshe +, − na kosi. Kiisha wengine watatu.

Tukutane wiki kesho.