Mashine ya kura: kioo kichorwe kwanza kwenye karatoni

Tarehe 30 Desemba 2018, raia wa Kongo walipiga kura kwa mashine yenye kioo cha kugusa. Wapinzani walikuwa wameshaipa jina: mashine ya kuiba. Mabishano yakaishia hapo, na swali la mama muuza sombe likaachwa bila jibu: kidole kiguse wapi?

Kazi haikuwa ndogo. Mpiga kura anaingiza karatasi, anachagua rais, kisha mbunge wa taifa, kisha mbunge wa jimbo, kila mara anahakikisha. Mashine inachapa, ndipo karatasi iende sandukuni. Wagombea wa ubunge wa taifa peke yao walipita 15,000 kwa viti 500. Asiyejua kusoma alipaswa kutafuta sura moja kati ya picha nyingi, foleni ikinung'unika nyuma yake. Akikwama, anamwita mtumishi wa ofisi ya kura. Mtumishi akigusa kwa niaba yake, siri ya kura imekwisha, hata kama mtumishi huyo ni mwaminifu.

Kweli, CENI ilizungusha mashine za mfano kabla ya siku ile. Lakini kufundisha raia mashine iliyokwisha kuundwa hakulingani na kumuuliza raia kabla haijaundwa. Mwaka 2023 mashine zilirudi, wagombea wa ubunge wakiwa zaidi ya 23,000.

Njia ipo, tena haigharimu. Wabunifu wa programu huchora kila ukurasa wa kioo kwenye karatasi, wanaiweka mbele ya mtu, wanamwambia: "Chagua namba 47." Kisha wananyamaza. (Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa wakubwa wetu.) Kidole kikisita, kosa liko pale, nalo ni la mchoro, mama hana kosa. Wanafuta, wanachora tena, wanajaribu kwa mwingine. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua makosa mengi. Kongo ni kubwa: wachukuliwe watano Fizi, watano Gemena, watano Kasumbalesa, wazee na wenye macho hafifu wakiwemo, na mashirika ya raia yatazame.

Hayo yafanyike kabla mkataba wa mashine za uchaguzi ujao haujatiwa sahihi. Baada ya sahihi, hakuna atakayekubali kufuta mchoro.