Nani atawafundisha vijana wa Kigoma kupiga fidla?

Ukisikia redioni muziki wa nyuzi tupu, bila ngoma wala mwimbaji, huenda wapigaji ni wanne tu: fidla mbili, viola moja na selo moja. Viola ni kubwa kidogo kuliko fidla na sauti yake ni nzito zaidi. Selo ni kubwa kiasi kwamba mpigaji huketi na kuibana kwa magoti. Joseph Haydn wa Austria, aliyefariki mwaka 1809, ndiye aliyeupa nguvu mtindo huu.

Wengi huuita muziki wa Wazungu. Lakini taarab ya Zanzibar inategemea fidla, na kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Ng'ambo ya ziwa letu, nchini Kongo, okestra ya kanisa la Kimbangu ilianza Kinshasa mwaka 1994. Ala zilikuwa chache, watu wakipokezana fidla moja. Uzi ukikatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli.

Kwa hiyo umaskini peke yake si kizuizi. Kinachohitajika kwanza ni mwalimu wa kudumu. Kijana anaweza kujifunza kuimba kwa kufuatisha nyimbo za kwenye simu, lakini fidla hudai miaka ya kusahihishwa vidole na mkono wa upinde.

Kigoma ina vipaji. Mwaka 2012 wasanii wa Kigoma All Stars waliitikisa nchi kwa wimbo "Leka Dutigite". Lakini chuo cha sanaa cha serikali, TaSUBa, kiko Bagamoyo, na reli kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200.

Kutegemea wafadhili pekee nako kuna hatari. Chuo cha muziki cha DCMA, Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 2002, kilikaribia kufungwa mwaka 2019 baada ya misaada kupungua, huku wanafunzi wengi wakishindwa kulipa ada.

Nafasi ipo. Mkondo wa amali ulioanza sekondari mwaka 2024 unagusa pia sanaa. Makanisa yetu yana kwaya, na baadhi ya wanakwaya wanasoma nota. Kinshasa ilianzia hapo hapo, kanisani.

Kikao cha wazazi kijacho, msikilizaji, uliza: shule yetu ina mwalimu wa muziki? Kama hana ala, halmashauri inaweza kuanza na fidla ngapi?