Nani Aliutega?

Nimechoka na mtego wa dubu. Unaujua hata kama hujawahi kumwona dubu: meno ya chuma yamefichwa chini ya majani, mguu unakanyaga, kwacha! Kwenye komedi tunacheka, kwenye filamu ya kutisha tunafumba macho, halafu hadithi inasonga. Dubu mwenyewe wala hanaswi.

Shida yangu si damu. Shida ni waandishi kutaka ule mlio tu na kutupa hadithi yenyewe. Mtego huu haukuundwa kukata mguu, uliundwa kushika. Sahani ya katikati inafyatua springi, taya zinafunga, mnyororo unakuzuia, kisha mnangoja aliyeutega aje. Hofu yote iko hapo kwenye kungoja, na hapo ndipo wengi huruka.

Katuni, usicheke, zina adabu zaidi. Wile E. Coyote akitega, anayenasa ni yeye. Angalau tunamjua mwenye mtego. Saw ya 2004 nayo ilielewa: mtego aliovishwa Amanda kichwani una saa inayohesabu, na kuna mtu aliyeuunda kwa makusudi. Na Straw Dogs ya 1971 haina hata haja ya dubu, ina mtego wa watu. Ndiyo, watu. Uingereza, wenye mashamba makubwa waliwategea binadamu walioingia usiku kuwinda, hadi sheria ya 1827 ikapiga marufuku. Unataka kutisha kuliko hapo?

Sasa sisi. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika hadithi, jamaa ananaswa na mtego wa dubu Karura. Karura, jo! Rafiki aliyeisoma aliniuliza swali moja tu: nani aliutega? Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeuokota kwenye filamu kama ulivyo.

Na kule Tsavo askari wa wanyamapori wamekuwa waking'oa vitanzi vya waya miaka nenda miaka rudi. Waya hauna meno wala kelele. Swara akivuta, unakaza. Na kila waya umefungwa na mtu, pengine ana njaa, pengine ana mteja wa nyama mjini. Wewe bado unaniletea dubu?

Ile hadithi nimeifuta. Mpya inaanza alfajiri, mwanamume akitembea kwenda kuangalia waya wake, na kwa mbali anasikia kitu kikihema.