MSUMENO MDOGO KATIKA MEZA KUBWA



Katika mkutano wetu uliopita hapa Isiolo, kijana mmoja alisimama akauliza: Je, ni kosa kufunga msumeno wa inchi 8 katika meza iliyotengenezwa kwa msumeno wa inchi 10? Baadhi ya wazee walicheka. Mmoja akasema hayo ni maneno ya maseremala, na chama kina mambo makubwa zaidi ya kuzungumza, kama vile mishahara na nyumba. Kijana akaketi bila kujibiwa. Twaona haya kwa jambo hilo, na leo twamjibu.

Wengi wetu twajua useremala kwa njia moja au nyingine. Reli huishia Nanyuki, kilomita kama 80 kutoka hapa. Na sisi wenye makwao Isiolo, tukirudi siku za mapumziko, hatukai bure. Huyu atengeneza vitanda, yule milango, na watoto wetu wanajifunza kazi katika vibanda vya jua kali ambako meza ya msumeno ni mota, mkanda na mbao nne. Ndiyo maana swali la kijana ni swali la chama.

Jibu ni kwamba si kosa. Msumeno mdogo, ukifungwa sawasawa, hukata mbao nyembamba vizuri kabisa. Bei yake ni nafuu, hautetemeki sana, wala hauisumbui mota. Hauwezi kupasuka kwa kwenda mbio, mradi mizunguko iliyoandikwa ubavuni mwake isiwe pungufu ya mizunguko ya mashine. Kufunga msumeno mkubwa kuliko kipimo cha meza ni jambo jingine, na hilo lisifanywe hata siku moja.

Lakini ziko hesabu. Mwalimu wetu katika shule ya misheni alitukaririsha kwamba mzingo wa duara ni kipenyo mara 22, gawa kwa 7. Wakati ule sikuona faida yake. Sasa tazameni: mashine ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno ya msumeno wa inchi 10 huenda kama futi 10,500 katika dakika hiyo moja. Ya inchi 8 huenda futi 8,400, na ya inchi 6 futi 6,300 tu. Mota ni ile ile na sauti ni ile ile, ila jino limepunguza mwendo. Fundi aliyezoea kusukuma mbao kwa mwendo wa msumeno mkubwa ataulazimisha mdogo, na hapo mbao huanza kuungua na kushikwa.

Hesabu ya pili ni ya kimo. Msumeno wa inchi 10 ukiinuliwa mpaka mwisho hukata kina cha inchi 3 na kidogo. Ukifunga wa inchi 8, umepoteza inchi moja kamili, kwa kuwa kila upande wa shafti umepungua inchi moja. Basi mbao ya inchi 3 haikatiki kwa mara moja. Fundi huipitisha, kisha huigeuza na kuipitisha tena.

Hapo ndipo mambo huharibika. Nyuma ya msumeno husimama kile kipande cha chuma cha kutenganisha mbao, ambacho wengine hukiona kama pambo. Kazi yake ni kuuzuia mpasuko usijifunge na kuyabana meno ya nyuma. Meno ya mbele hushuka, ya nyuma hupanda. Mbao ikiyabana yale ya nyuma, huinuliwa na kurushwa kwa fundi kwa nguvu yote ya mashine, na mkono ulioishika huweza kuvutwa kwenye meno. Chuma hicho chatakiwa kiwe karibu na meno, mwanya usizidi milimita 8. Ukifunga msumeno mdogo bila kukisogeza, mwanya huwa zaidi ya inchi moja. Tena husimama juu kuliko msumeno wenyewe, hata mbao isiyokatwa mpaka juu hugonga hapo. Basi fundi hufanya nini? Hukifungua akakiweka kando, pamoja na kifuniko kilichoshikana nacho.

Niliyaona hayo kwa macho yangu, katika karakana moja ambayo sitaitaja. Msumeno mkubwa ulikuwa umepelekwa kunolewa. Fomeni akaleta wa inchi 8, akasema mbao za saipresi za inchi 3 ziwe zimekwisha kabla ya saa sita. Mwenzetu akauliza habari za kile chuma. Akajibiwa, ‘Wewe ni fundi au si fundi?’ Akakitoa. Mbao ya tano ilipogeuzwa ilijifunga, ikaruka, na mkono wake wa kushoto ukaenda mahali mbao ilipokuwa. Vidole viwili. Mimi ndiye niliyezima mashine, na mpaka leo nikisikia mota ikipunguza sauti namna ile mwili hunisisimka.

Siku ya tatu ripoti ilikuwa na mstari mmoja: mfanya kazi aliondoa kinga mwenyewe. Ni kweli aliondoa. Habari za saa sita hazikuandikwa, wala za msumeno ulioletwa. Nanyi mjue mstari kama huo una uzito gani. Sheria ya fidia ya majeruhi kazini ya mwaka 2007 yaweza kumnyima fidia mtu aliyeumia kwa utovu wa nidhamu wa makusudi, isipokuwa amekufa au amepata ulemavu mkubwa. Vidole viwili ni ulemavu mkubwa au mdogo? Muulizeni mwenye kupiga randa.

Kanuni hazikosekani. Nchi yetu ilikuwa na kanuni za mashine za mbao tangu 1959, kabla ya Uhuru. Uingereza, katika kanuni zao za 1974, walikataza msumeno ulio chini ya sehemu sita kwa kumi za ule mkubwa ambao meza ilitengenezewa, wakataka kipimo cha mwisho kiandikwe mashineni. Kwa meza ya inchi 10 ni inchi 6. Kwa ya inchi 16, chini kidogo ya inchi 10. Na Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamwagiza mwajiri aweke mashine salama, yakataza mtu kufukuzwa kwa sababu amelalamikia hatari, na yataka kamati ya usalama mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Ni karakana ngapi mnazozijua zenye kamati hiyo?

Kwa hiyo, kijana, funga msumeno wako mdogo. Tundu lake lienee shafti barabara. Likizidi, tumia bushi ya kiwandani, si bati la kukunja. Kisogeze kile chuma, ushushe na kifuniko. Uangalie chuma kisiwe kinene kuliko mpasuko, maana misumeno ya mashine za mkononi ni myembamba na mbao itakwama. Kama chuma hakisogei, msumeno huo si wa meza hiyo. Na mbao ikiwa nene kuliko kimo chake, ngoja mkubwa urudi kutoka kunolewa. Fomeni akikataa, mwombe aandike amri yake katika karatasi, kisha utuletee karatasi hiyo.

Kamati ya tawi imeamua kwamba kila mwanachama mwenye meza ya msumeno, ya mwajiri au yake mwenyewe, aipime na kuandika juu yake kwa rangi msumeno mdogo kabisa unaoruhusiwa. Vipimo viletwe mkutano ujao. Mkebe wa rangi nyeupe na brashi viko kwa katibu.