Meza Moja ya Chama Yashinda Modeli Mia za Wazazi

Kila muhula ufikapo katikati, kilio kile kile husikika upya katika mitaa ya Kibera na Kawangware. Mtoto ametumwa aje shuleni na katoni, gundi, rangi na karatasi ya manila. Fedha ni haba, na usiku wa mwisho mama ndiye akataye na kubandika, mtoto akiwa amelala. Asubuhi mwalimu hupokea nyumba arobaini, ama milima arobaini, ambayo juma lifuatalo huwa takataka. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019, ulikusudia mtoto ajifunze kwa kutenda. Kusudio hilo ni jema, nami sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na mazoea yaliyozuka ya kumtaka kila mtoto awe fundi wa peke yake, katika chumba ambamo pengine watu sita hulala.

Nikiwa mwalimu wa historia na mlezi wa chama cha wanafunzi, napendekeza njia nyingine. Vyama vya shule zetu vijenge kitu kimoja kikubwa, kiwe mali ya wote, na kitu hicho kiwe mandhari ya mchezo wa vita wa mezani. Natambua kwamba neno "vita" litawashtua wasomaji wengi, hasa likitamkwa pamoja na majina ya mitaa hii miwili. Hoja hiyo ni nzito na nitaijibu. Kwanza nieleze mchezo wenyewe.

Mchezo wa vita wa mezani ni ndugu wa bao na drafti. Vikosi vidogo husogezwa kwa kipimo cha rula, dadu huamua bahati, na kanuni huamua ni nani amwonaye adui na ni nani amezibwa na kilima. Tofauti iko uwanjani. Bao lina mashimo yale yale kila siku, na drafti ina miraba ile ile. Katika mchezo huu wachezaji ndio huunda ardhi: vilima, mito, reli, mashamba na nyumba. Ardhi hiyo ndiyo huamua nani atashinda. Mwaka wa 1812, Georg Leopold von Reisswitz wa Prussia alimpelekea mfalme Friedrich Wilhelm III meza ambayo ardhi yake ilikuwa ya vipande vilivyoweza kupangwa upya kila mara. Mwaka wa 1824 mwanawe aliuhamishia mchezo huo kwenye ramani za karatasi, nao ukaingia jeshini. Kwa hiyo wazo la ardhi ya vipande vinavyounganishwa lina zaidi ya miaka mia mbili, wala halihitaji duka la vinyago vya bei ghali. Vizibo vya soda, ambavyo vijana wetu huchezea drafti kila jioni, vyatosha kuwa askari.

Vita gani basi viwekwe mezani? Mimi nachagua mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, maana katika Afrika ya Mashariki hakuna somo bora kuhusu nguvu ya ardhi. Waingereza waliwaleta askari wapatao 8,000 kutoka Uhindi chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Kwa hesabu ya vichwa, mambo yangekwisha kwa siku moja. Lakini wavamizi waliteremka karibu na Ras Kasone, wakapenya kwenye mashamba na vichaka ambamo kikosi hakikuweza kukiona kikosi kingine, hata wakakuta njia ya reli iliyochimbwa chini kama handaki mbele ya mji. Reli hiyo hiyo ndiyo iliyomletea Lettow-Vorbeck askari wake haraka kutoka upande wa Moshi. Hata nyuki wa msituni walifurushwa na risasi wakawauma watu. Tarehe 5 Novemba Waingereza walirudi merikebuni, wakaacha nyuma bunduki na risasi nyingi. Mwanafunzi aweza kukariri tarehe hiyo na kuisahau baada ya mtihani. Aliyejenga handaki lile kwa mikono yake, kisha vizibo vyake vikakwama mbele yake, hataisahau sababu ya kushindwa.

Sasa nije kwenye kiini cha maoni yangu, ambacho ni mpango. Chama kikianza kwa kukata katoni kabla ya kukubaliana, kitapata rundo la vitu vizuri visivyopatana. Kibera wataleta kilima kirefu kama ghorofa, Kawangware wataleta mnazi mfupi kuliko kizibo, na reli ya hawa itaishia baharini kwa wale. Kwa hiyo juma la kwanza, na hata la pili, pasikatwe kitu. Watoto wakae na karatasi ya miraba, wajadiliane, wapige kura, na maamuzi yaandikwe katika daftari la chama.

Jambo la kwanza la kuamua ni ukubwa. Napendelea vipande kumi na viwili vya mraba, kila kimoja sentimita 60 kwa 60. Vikiunganishwa vinne kwa vitatu, hutoa uwanja wa sentimita 240 kwa 180. Kipande cha sentimita 60 mtoto aweza kukibeba kwapani, akakipitisha katika mlango mwembamba na kukivusha Ngong Road bila kukivunja. Shule ya Kibera ikijenga sita na ya Kawangware sita, hakuna upande uwezao kucheza mchezo mzima bila mwenziwe. Huo nauhesabu kuwa uzuri mkubwa kuliko wote wa mpango huu.

La pili ni skeli. Tukisema kila sentimita ya meza ni mita 15 za ardhi, urefu wa meza huwa kilomita 3.6 na upana wake kilomita 2.7. Hapo somo la hisabati limeingia bila kubisha hodi. Mwanafunzi atagundua upesi kwamba genge la mita 15 litakuwa na kimo cha sentimita moja tu, na kwamba jicho halitaliona vizuri. Itabidi chama kiamue kama kimo kiongezwe mara mbili, na kama ni haki kuikuza ardhi ili ieleweke. Hilo ni swali ambalo hata wachora ramani wakubwa hulijibu kila siku.

La tatu, na ndilo gumu, ni mipaka. Ndani ya kipande chake kila kundi lina uhuru wa kubuni. Pembeni halina. Reli na barabara zivuke ukingo katikati kabisa, kwenye sentimita ya 30, na ardhi yote pembeni iwe na unene mmoja. Kigezo cha ukingo kikatwe mara moja kwa kadibodi ngumu, kinakiliwe, na kila shule iwe na nakala yake. Kipande kisichopatana na kigezo kirudishwe, hata kikiwa kizuri namna gani, hata kikiwa cha mtoto wa mwalimu mkuu.

Vifaa havitamfilisi mtu. Katoni hupatikana madukani, na magazeti ya kale yako kila mahali. Maseremala walio kando ya Ngong Road wana unga wa msumeno, ambao ukitiwa rangi ya kijani na kukaushwa huwa nyasi. Mchanga uliochekechwa huwa njia. Tahadhari ni mbili. Katoni ikipakwa gundi upande mmoja hujikunja ikaukapo, kwa hiyo magazeti yabandikwe pande zote mbili. Tena gundi ya uji wa ngano ni chakula cha panya na mende, nao hawahitaji mwaliko katika stoo zetu. Gundi ya mbao ni ghali kidogo lakini hudumu. Mwenye kuhesabu gharama na alinganishe meza moja ya miaka mitano na modeli arobaini za kila muhula.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka wa 2006, huko Nessuit, jamii ya Ogiek ilijenga modeli kubwa ya ardhi yao ya msitu wa Mau, kwa skeli ya 1 kwa 10,000, wazee wakitia juu yake majina na mipaka waliyoirithi. Mwaka wa 2009 vijana wa Kibera, kupitia Map Kibera, walianza kuuchora mtaa wao, ambao katika ramani nyingi ulikuwa kama mahali patupu. Wote hao waligundua jambo moja: watu wanaochora ardhi kwa pamoja hulazimika kuambiana waziwazi mambo ambayo kwa kawaida hunong'onwa.

Nirudi sasa kwa mzazi aliyeshtuka. Atauliza, je, watoto hawa hawajaona vita vya kutosha? Januari 2008 reli iendayo Kisumu iling'olewa papa hapa Kibera. Oktoba 2017, baada ya marudio ya uchaguzi wa rais, Kawangware ilishuhudia nyumba zikichomwa na majirani wakikimbiana. Je, ni busara kuwapa watoto wa mitaa hiyo vita viwe mchezo?

Nalichukua swali hilo kwa uzito wote. Jibu langu ni kwamba watoto wetu wamekwisha kuupata mchezo wa vita, nao uko katika simu na kumbi za video, ambako risasi haziishi na maiti hutoweka baada ya nukta chache. Mezani mambo huenda polepole. Mchezaji humkabili mwenziwe uso kwa uso, huhesabu walioanguka kwa kidole, na hulazimika kueleza kwa nini aliwatuma. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kuhusu mchezo huu mwaka wa 1913, akakimaliza kwa kusihi kwamba vita vya vinyago ndivyo vita bora, kwa kuwa vita vya kweli ni upumbavu wa gharama kubwa. Mwaka mmoja baadaye Ulaya haikumsikiliza, na gharama yake ikafika hadi kwetu.

Gharama hiyo ndiyo napenda meza ionyeshe. Vipande vile vile, tukiondoa vya pwani, hupangwa upya vikawa nyika ya kampeni ya 1916 na 1917. Hapo chama kitunge kanuni moja isiyovunjwa: hakuna kikosi kinachopata risasi wala chakula bila kizibo cha mpagazi. Mchezaji anayewapuuza wapagazi atakwama njiani. Anayewachosha atawapoteza, na kila aliyepotea aandikwe katika daftari. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe, zaidi ya wapagazi 40,000 walikufa katika utumishi wao, wengi kwa maradhi na njaa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mtoto apandaye matatu kuelekea soko la Kariokor hajui aghalabu kwamba analitaja jeshi hilo la wapagazi kila amwambiapo utingo ashushwe. Sanamu ya mpagazi imesimama pamoja na za askari katika Kenyatta Avenue tangu miaka ya 1920, na wanafunzi wengi huipita wakidhani ni pambo la jiji.

Isitoshe, Kibera yenyewe ilizaliwa na jeshi. Ardhi yake ilitengewa askari Wanubi wa King's African Rifles na jamaa zao, na baadaye ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi ya ekari 4,197. Hatimiliki ambayo Wanubi walikabidhiwa mwaka wa 2017 ilikuwa ya ekari 288. Mtoto akijengewa mazoea ya kuuliza, juu ya katoni, ni nani aliyeuchora mpaka huu na kwa kipimo gani, siku moja atauliza swali hilo hilo juu ya udongo wa kweli, na ataliuliza kwa daftari badala ya jiwe.

Walimu wenzangu, vyama vyetu vya historia na jiografia vimebaki majina katika ripoti za mwisho wa mwaka. Muhula ujao, kabla ya kumtuma mtoto yeyote dukani, waketini wanafunzi wenu na wale wa shule iliyo ng'ambo ya barabara. Wapeni karatasi ya miraba na penseli, na muwaache wagombane hadi wakubaliane reli itapita wapi. Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu awaanzie. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kipande kimoja cha sentimita 60 si uwanja. Kitafuteni kile kinachopakana nacho.