Nusu Irabu Si Kosa

Juma lililopita mjukuu wangu aliniletea daftari lake, uso ameukunja. Walikuwa wameulizwa sauti w na y huitwaje katika Kiswahili, naye akaandika "nusu irabu", jina nililomfunza mimi mwenyewe barazani. Mwalimu akalikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Viyeyusho!" Alama moja ikaenda na maji. "Babu, ulinidanganya," akaniambia.

Sikumdanganya. Hilo ndilo jina tulilosomeshwa sisi wa rika langu, na sikatai kwamba limepitwa na wakati. Wala sina ugomvi na neno kiyeyusho, ambalo waama ni neno zuri. Ninachokilalamikia ni kalamu isiyotofautisha jina kuukuu na jibu la uongo.

Hebu, msomaji, tamka neno mwana polepole. Asili yake ni mu-ana. U ikikutana na a hupoteza silabi yake, ikafifia na kuwa w. Ndivyo vi-angu ilivyokuwa vyangu, na i-angu ikawa yangu. Mtoto anayejua kwamba w ya wimbo ni u iliyofifia hatashangaa kuikosa katika nyimbo, kwani mzizi ni -imbo na ile u ilikuwa kiambishi tu. Aidha ataelewa kwa nini twaandika mwongo kwa w lakini muumba kwa u mbili: hapo u imekutana na u mwenziwe, haina sababu ya kugeuka. Haya yote yamo ndani ya lile jina kuukuu. Aliyekariri "viyeyusho" pasipo kuelezwa ni kitu gani kilichoyeyuka, amepata alama lakini hakupata elimu.

Hata hivyo, haki na itendeke: jina letu lina ila zake. Sauti haikatwi nusu kwa nusu kama muhogo, na w ya weza ni ya mzizi wenyewe, haikutokana na kiambishi chochote. Isitoshe, jina hili limetangatanga mno. Katika sarufi ya Kiyunani inayohusishwa na Dionysius Thrax, wa karne ya 2 kabla ya Kristo, zilizoitwa nusu irabu ni herufi kama l, m, n, r na s! Waarabu nao, herufi zao wau na ye, pamoja na alifu, waliziita herufi za ila, yaani zenye udhaifu, kwa kuwa hubadilika na hata kudondoka. Na neno letu ila lina asili hiyo hiyo.

Na irabu je? Kwa Waarabu ni elimu ya miisho ya maneno inavyobadilika katika sentensi. Sisi tukalichukua neno, tukalifanya jina la a, e, i, o na u, na sijasikia mtoto aliyenyimwa alama kwa sababu hiyo.

Istilahi hubadilika, na ni vyema zibadilike. Lakini vitabu vya zamani havijachomwa. Vingali masandukuni mwa wazee, na katika nyumba nyingi ndivyo pekee vilivyomo. Mtoto ajifunzaye humo hana hatia. Nawasihi walimu na watahini: mpeni alama yake kwanza, kisha mwandikieni kando kwamba siku hizi twasema viyeyusho. Mstari mmoja watosha, na wino wake ni ule ule.

Mjukuu wangu nimemwandikia majina yote mawili kwenye jalada la daftari, na chini yake mu-ana na mwana. Jumatatu atamrudia mwalimu wake, kwa heshima na taadhima, kumwuliza habari ya ile alama moja.