KILIZEEKA LINI KITABU HIKI?



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, fundi wa mashine, aliitwa ofisini ajibu mashtaka ya kukataa kazi ya Jumapili. Meneja akafungua kitabu cha kanuni akasoma kifungu cha 14: mfanyakazi akiitwa kwa ovataimu ni lazima aje. Mjumbe wetu naye akafungua chake, kifungu hicho hicho cha 14: mfanyakazi ataombwa siku moja mbele, naye ana hiari ya kukubali au kukataa. Vitabu viwili, jalada moja, muhuri mmoja wa kampuni, na hakuna tarehe katika hata kimoja.

Meneja akacheka, akasema chetu ni cha zamani. Tukamwuliza: kilizeeka lini, na ni nani aliyetuarifu? Kimya. Mwishowe karani ndiye aliyesema kweli, nasi twamshukuru. Aliagizwa abadilishe maneno katika kompyuta. Akaandika mapya juu ya yale ya kwanza, akayaweka kwa jina lile lile, akapiga chapa nakala tatu za wakubwa. Ile ya ubaoni haikuguswa. Basi sisi huku kiwandani tulikuwa tukifuata kanuni iliyokwisha kuzikwa bila matanga. Barua ya onyo ya fundi yule ingali katika faili lake hata leo.

Mabwana wanasema ni kosa dogo la ofisi. Sisi twasema si dogo hata kidogo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 10, yamtaka mwajiri anayebadilisha masharti ya kazi ashauriane na mfanyakazi na amjulishe mabadiliko hayo kwa maandishi. Haisemi kwamba yatosha kubadilisha maneno katika kompyuta usiku na kutuhukumu kwayo asubuhi.

Lakini tusiwatupie wengine mawe tu. Tulipopekua makabati ya tawi letu wenyewe tulipata aibu. Mjumbe mmoja anatembea na mapendekezo yetu ya kwanza, yale yenye posho kubwa ya nyumba tuliyoomba tusipewe, na amekuwa akiwaahidi watu pesa zisizokuwako. Wa pili anayo nakala iliyotiwa sahihi, lakini imekosa ukurasa wa 6. Wa tatu anayo katika simu, naye hajui aliyempelekea. Wote watatu huiita “mapatano yetu”. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mapatano ndiyo mali yetu kubwa kuliko zote.

Mapatano halali ni yale yaliyosajiliwa. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yataka yapelekwe mahakama ya kazi katika siku 14 tangu kukubaliana, na ni lazima kuyatekeleza yakisha kusajiliwa. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuyapeleka. Asipofanya hivyo, chama chaweza kuyapeleka chenyewe. Wakumbukeni madaktari wa Kenya. Mapatano yao yalitiwa sahihi Juni 2013, hayakusajiliwa, na walipogoma Desemba 2016 watu wakabishana kama karatasi ile ina nguvu au haina. Mgomo ulichukua siku 100, na viongozi wao saba walilala jela Februari 2017. Hao ni watu waliosoma sana! Je, sisi wenye nakala iliyokosa ukurasa?

Kwa hiyo tumemwandikia mwajiri. Kila kitabu cha kanuni kiwe na namba na tarehe juu ya jalada, na ndani yake iandikwe ni kifungu gani kilichobadilika, lini, na kwa sahihi ya nani. Kipya kikitolewa, cha zamani kiondolewe ubaoni siku hiyo hiyo mbele ya mjumbe wetu. Nasi tawini twafungua daftari la nakala: aliyepewa aandike jina na kutia sahihi. Mapendekezo yatapigwa muhuri wa RASIMU katika kila ukurasa, maana ukurasa mmoja ukichomoka hauna jalada la kuutambulisha.

Wako wanaosema za zamani zichomwe. Hapana! Nakala moja ya kila mapatano itapigwa muhuri wa YAMEKWISHA na kufungiwa kabatini. Anayedai malipo ya miaka iliyopita hadai kwa mapatano ya leo. Hudai kwa yale yaliyokuwa na nguvu wakati alipofanya kazi. Ukiichoma karatasi hiyo umemchomea madai yake.

Wajumbe wote walete nakala zao ofisini mwa tawi Jumamosi hii, baada ya zamu ya asubuhi, hata zilizochanika. Aliye na ile ya ubaoni yenye kifungu cha 14 cha hiari asimpe meneja. Aje nayo kwetu, kwa kuwa rufani ya fundi yule inaingojea.